Atari ST na Amiga 500: ukweli uko kambi ipi, na nizikague vipi kabla ya kuwasha?

ChipuKuukuu
Wakuu salaam. Mezani kuna kompyuta mbili za nyumbani za miaka ya 1980, Atari 520STFM (modeli ya ST) na Amiga 500, zote za soko la Uingereza, hazijawashwa miaka mingi. Mashabiki wa mashine hizi wanarushiana maneno tangu 1985: huyu anadai ST ina kasi, yule anadai ST ni kikokotoo kilichopakwa rangi. Kiufundi, madai yapi yana ukweli? Na kabla sijachomeka kwenye umeme nikague nini?

Mzee_wa_Diski
Kasi ndiyo hoja wanayoishikia bango, tuanze nayo. Kichakataji ni kilekile, Motorola 68000. Kwenye ST kinakwenda MHz 8, kwenye Amiga ya Ulaya MHz 7.09. ST inaongoza kwa kama asilimia 13, na utaliona hilo kwenye michezo ya 3D ambamo 68000 ndiye anayepiga hesabu zote. Ukija kwenye michezo ya kusogeza mandhari, kibao kinageuka. Amiga ina blitter, chipu ya kuhamisha picha, pamoja na sprite za maunzi, yaani vipicha vinavyosogezwa bila kumsumbua 68000. 520STFM haina hata kimoja, kila kitu kinabebwa na 68000. Tatizo ni kwamba michezo mingi ilitengenezwa kwa ST kwanza, ikahamishiwa Amiga bila kugusa chipu zake. Hapo mwenye Amiga alilipia farasi akapewa punda.

Rangi: ST inaonyesha 16 kwa mpigo kati ya 512, Amiga 32 kati ya 4096. Hali ya HAM inafungua zote 4096, ila pikseli nyingi hurithi rangi ya jirani wa kushoto na kubadilisha kijenzi kimoja tu (nyekundu, kijani au bluu), ndiyo maana kingo zinatoa michirizi. Sauti: Amiga ina chaneli 4 za sampuli (sauti zilizorekodiwa) za biti 8, ST ina milio 3 ya mawimbi mraba. Hapa ubishi umekwisha.

Nota_Saba
Haujaisha, mzee. Umeruka MIDI, njia ya kuunganisha vinanda vya kielektroniki na kompyuta. ST ina soketi za kuingiza na kutoa MIDI tayari kwenye bodi. Amiga inadai kiunganishi cha pembeni kwenye mlango wa siriali. Ndiyo maana Cubase, programu ya kutungia muziki, ilianzia kwenye ST mwaka 1989. Halafu kuna skrini ya rangi moja, SM124: 640×400 kwa Hz 71, imetulia tuli. Amiga ikipanda 640×512 picha inapepesa, macho yanauma.

Kichekesho ni ukoo wao. Jack Tramiel, mwanzilishi wa Commodore, kampuni iliyouza Amiga, aliondoka huko Januari 1984, na Julai mwaka huohuo akanunua kitengo cha Atari cha kompyuta na michezo ya nyumbani. Jay Miner, baba wa Amiga, ndiye aliyeongoza usanifu wa chipu ya picha na sauti ya Atari 2600, mashine ya michezo ya Atari. Kwa hiyo kila kambi inamtukana binamu yake.

Fundi_Risasi
Nijibu la umeme. Amiga kwanza: fungua kifuniko cha tumboni. Ukikuta kadi ya kumbukumbu aina ya A501, ichomoe leo hii. Betri yake ya nikeli-kadimi huvuja na kula njia za shaba. Ikate, usibadilishe na nyingine ya aina hiyo. Kisha pima adapta: laini ya 5V iwe kati ya 4.75 na 5.25. Ikizidi, usijaribu hata mara moja.

ST ina pawa yake ndani. Usiguse upande wa umeme mkuu hata baada ya kuchomoa, kapasita kubwa hubaki na chaji ya volti mia tatu na ushee. Kapasita zilizovimba badilisha zote kwa pamoja. Ikiwaka bila picha, huenda chipu zilizo kwenye soketi zimeota kutu. Zichomoe, safisha miguu kwa spiriti, rudisha.

Diski: ST hutumia za 360K au 720K kulingana na kiendeshi chake, na kompyuta ya kawaida yenye kiendeshi cha flopi mara nyingi huzisoma. Za Amiga ni 880K, sekta 11 kwa kila njia badala ya 9, kidhibiti cha PC hakizisomi. Na usizibe tundu la diski ya 1.44MB kwa utepe wa gundi ili itumike kama ya 720K, sumaku yake ni ya aina tofauti, data inaweza kupotea.

ChipuKuukuu
Kadi ipo, na betri imeota unga wa kijani. Unga umefika kwenye pini za bodi kuu.

Fundi_Risasi
Siki nyeupe kwa mswaki, maana uvujaji huo ni alkali. Suuza kwa spiriti, kausha kabisa, kisha pima kila pini kwa mita. Isiyopitisha umeme itahitaji waya wa kurukia. Kadi yenyewe iache nje kwanza: Amiga itawaka na 512K zake.