Pawa stelingi ya Vitz kwenye magari ya kuunda: mafundi wa Mwanza mnacheza na roho za watu

Wakuu wa Kanda ya Ziwa, leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna kazi mbovu zinafungwa kwenye Land Rover 109, Suzuki za zamani na magari ya kuunda juu ya chasi ya pikapu, halafu mteja anakabidhiwa funguo na kuambiwa "jaribu, laini kama maji". Laini ni kweli. Ila ulaini siyo kipimo cha kazi hii, na fundi anayekupimia hapo tu anakudanganya.

Elewa kwanza nguvu inapita wapi. Kwenye Vitz, IST na Passo mota ya umeme inayosaidia kukata kona imekaa kwenye kolamu (mhimili unaoshika usukani), chini ya dashibodi. Kwa hiyo nguvu ya mota ikijumlishwa na ya mikono ya dereva inashuka yote kupitia shafti ya kati na krosi zake (viungo vinavyoiruhusu shafti kupinda) mpaka kwenye stelingi boksi linalogeuza magurudumu. Shafti ya zamani ilikuwa inabeba mikono mitupu. Na ni hiyo hiyo ambayo mafundi wanaikata, wanaiunga ncha kwa ncha kwa welding ya kawaida, wanaisaga kwa grainda mpaka ing'ae, kisha wanapiga rangi nyeusi. Chuma cha shafti kikichomwa bila kupashwa moto kabla, kikapoa ghafla (wengine wanakimwagia maji kabisa!), pembeni ya mshono kinakuwa kigumu na chepesi kukatika. Kikikatika ukiwa unashuka kilima cha Bugando, hakuna cha laini wala kizito, huna stelingi.

Njia salama ni kununua krosi yenye meno ya kolamu upande mmoja na meno ya boksi upande wa pili, ukafunga kwa bolti bila kuchoma chochote. Ukikosa, tumia bomba nene la chuma lisilo na mshono, liingie kwa kubana juu ya ncha zote mbili, angalau sm 3 kila upande. Toboa matundu mawili ya mm 8 kila upande, yajaze kwa welding, kisha zungushia mshono mwishoni. Pasha moto kabla, acha ipoe yenyewe. Kazi hiyo apewe mtu anayejua kuchoma, siyo kijana wa mageti.

Halafu krosi. Masikio ya krosi mbili za shafti ya kati lazima yalingane kwenye mstari mmoja, na pembe ya juu ikaribiane na ya chini. Yakipishana, stelingi inakuwa nyepesi na nzito mara mbili kwa kila mzunguko, na fundi atakwambia "itazoea". Haizoei. Pembe ya krosi moja isipite nyuzi 30. Ikilazimu krosi ya tatu, shafti ishikiliwe na beringi katikati.

Umeme nao ni aibu. Mtu anachukua moto wa mota kwenye swichi ya funguo kwa waya wa mm 2.5 za mraba! Mota ikivuta ampia 40 wakati wa kupaki, mita 3 za waya huo zinakula karibu volti 0.8 upande mmoja tu, na swichi inaungua. Waya wa mm 10 za mraba unapoteza 0.2 hivi. Toa moto moja kwa moja betri, fyuzi ya ampia 50 au 60 ikae karibu kabisa na betri, na waya wa ardhini uwe mnene vilevile. Swichi inapeleka waya mwembamba wa kuamsha kontroli boksi (kompyuta ndogo inayoongoza mota), basi. Dainamo ya Land Rover za kale inatoa ampia 22, haiwezi. Weka alteneta ya 70 kwenda juu, la sivyo volti zikishuka msaada unakatika katikati ya kona.

Ukinunua kolamu ya mtumba, chukua na kontroli boksi lake, soketi zenye mikia ya waya sm 30, na shafti ya kati. Usikubali kolamu iliyogongwa nyundo wakati wa kutolewa, maana sensa ya nguvu iliyo ndani inaharibika na stelingi inavuta upande yenyewe. Hata ukifunga kontroli boksi la gari jingine, sifuri ya sensa hiyo ni lazima ipangwe upya. Kwenye Toyota kodi ya hitilafu C1515 inasema hilo halijafanyika. Wakati wa kupanga, magurudumu yaangalie mbele, gari lisimame, mikono iachie stelingi.

Na ishara ya spidi? Wengi hawaiungi kabisa. Kuna kontroli boksi zinazodhani gari limesimama na kuendelea kutoa msaada mkubwa. Nyingine zinabaki kwenye kiwango kimoja. Kwenye barabara ya Usagara kwenda Kigongo, ukiwa 80, stelingi nyepesi hivyo inatangatanga na hairudi katikati. Unga sensa ya spidi ya gia boksi. Kwenye ekseli ya springi za majani, kabari ya chuma ya nyuzi 2 inayoongeza kasta (mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu linageukia) inasaidia stelingi kurudi.

Wenye magari ya kuvuta mitumbwi Igombe na Kayenze, kontroli boksi limetengenezwa kukaa ndani, pakavu. Gari lisilo na milango linalorudi nyuma mpaka majini halifai kufungwa boksi sakafuni. Boksi lipandishwe juu, soketi ziangalie chini.

Anayekufungia akatae kufungua kava la dashibodi uone mshono na waya, usimlipe. Washa injini, magurudumu yakiwa chini, zungusha stelingi mwisho hadi mwisho huku mita ya volti ikiwa kwenye waya wa moto wa kontroli boksi. Ikishuka chini ya volti 12, gari linabaki gereji.