Injini ya chesi leo inapata jibu, kesho inalikosa. Nakosea wapi kuipima?

Kitunda_h7:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada, wiki nzima sijalala vizuri.

Nimekusanya nafasi 30 ngumu za chesi, zile ambazo hatua ya kwanza ukiitazama unadhani mchezaji kakata tamaa. Nataka kupima injini mbili, yaani programu za kucheza chesi, Stockfish na Leela, kwenye laptop yangu, nijue ipi ina jicho kali zaidi. Kila nafasi naipa dakika 2. Hatua sahihi ikitokea juu, naweka tiki.

Shida ni kwamba majibu hayatulii. Chukua ile ya mechi ya Topalov na Shirov, mashindano ya Linares 1998, mweusi (Shirov) anapomtoa askofu wake bure kwenye mraba wa h3. Jumatatu Stockfish ilihangaika mpaka muda ukaisha. Nikapitia jibu lote nikiwa nayo, hatua kwa hatua, ili nielewe. Nikaijaribu tena: sekunde 4! Jumanne nimewasha laptop upya, ikakosa. Leela ndiyo kabisa, tiki 6 kati ya 30. Tatizo ni programu, laptop, au mimi?

Ngome_Pweke:
Ni wewe mkuu, usikasirike 😂

Ulipopitia jibu nayo, ulikuwa unaifundisha mtihani. Injini huweka nafasi ilizokwisha kuzichambua kwenye jedwali la kumbukumbu, lile la "Hash" kwenye mipangilio. Uliporudi mwanzo ilikuta majibu yako yamo humo. Ulipozima laptop yakafutika. Kuanzia leo, bonyeza Clear Hash kabla ya kila nafasi.

Kitunda_h7:
Aisee. Kwa hiyo zile tiki zangu nyingine nazo…

Ngome_Pweke:
Zitupe zote.

Mama Sare:
Naongezea, maana nililiwa na hili zaidi ya mwaka. Hata ukifuta kumbukumbu, Stockfish ikitumia nyuzi nyingi za prosesa (threads, kazi zinazokwenda sambamba) haitatoa jibu lile lile kila mara. Nyuzi zinapekua kwa pamoja na kuazimana matokeo, na ipi itatangulia ni bahati ya sekunde ile. Weka uzi 1, kisha badala ya dakika uipe idadi maalumu ya nodi, yaani nafasi za kupekua. Hapo toleo lile lile la programu litarudia jibu lile lile, hata ukiwa umefungua video pembeni. Ukitaka kuendelea na nyuzi nyingi, basi kila nafasi irudie mara kadhaa na uandike zote, usichague iliyokufurahisha.

Na MultiPV, idadi ya hatua bora inazokuonyesha, iwe 1. Ukiiambia ikuonyeshe hatua tatu bora, inagawa nguvu zake, na hatua iliyofichika mara nyingine inaonekana mapema au kwa kuchelewa. Hilo ni jaribio jingine.

Askofu wa Pembeni:
Mimi nina ugomvi na hiyo ya Leela. Mkuu, laptop yako ina kadi ya picha (GPU)?

Kitunda_h7:
Haina.

Askofu wa Pembeni:
Basi umempima mkimbiaji akiwa na gunia mgongoni. Mtandao wake wa neva (neural network), ndio ubongo wake, unataka kadi ya picha.

Ila hata ukimpa, mbinu za ajabu zitamsumbua. Leela kwanza hukisia hatua zipi zinafaa, na muda mwingi huzipa hizo. Askofu kujitoa h3 ni hatua ambayo mtandao unaiona ya kipuuzi, kwa hiyo inatembelewa kwa nadra. Stockfish nayo hupogoa matawi, yaani huacha baadhi ya njia bila kuzifuata, lakini inapekua nafasi nyingi mno kwa sekunde, kwa hiyo hukutana na ajabu hiyo mapema zaidi.

Jaribu fumbo la Plaskett, kazi ya Gijs van Breukelen, lile ambalo Tal, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alilitegua Brussels mwaka 1987. Mweupe anapata malkia mpya na papo hapo anamwacha aliwe. Mweusi naye akifikisha askari mwisho anachukua farasi, si malkia, na anafanya hivyo mara mbili! Watafiti waliwahi kuzilinganisha injini hizi mbili kwa fumbo hilo, na Stockfish ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Lakini usiseme Leela ni dhaifu kwa sababu hiyo. Mechi nzima ni kitu kingine.

Mama Sare:
Hapo nakubaliana naye, ingawa si kawaida yetu.

Tena, hatua sahihi peke yake isikupe tiki. Tazama na tathmini. Kwenye ile ya Shirov, askofu anakufa ili mfalme apate njia ya kwenda e4 bila kupoteza hatua, na mweusi anashinda kwa askari wake. Injini ikitaja h3 huku ikiamini ni sare (0.00), imeokota.

Kitunda_h7:
Mrejesho, wakuu. Nimeanza upya: uzi 1, kumbukumbu safi, nodi sawa kwa kila nafasi, Leela nimemweka kando hadi nipate mashine ya kuazima. Stockfish imepata 19 kati ya 30, nimerudia na zimetoka zile zile 19. Ya Shirov imo.

Mama Sare:
Tathmini ilisemaje?

Kitunda_h7:
…0.00.

Sawa, 18.