Eti nauli haijapanda! Nimeshushwa basi la pili mbele ya umati

Ndugu zangu, naandika nikiwa bado nimesimama kituoni, mikono inatetemeka kwa hasira, na basi lililopaswa kunifikisha kazini limekwishaondoka. Bwana yule mnamfahamu wote. Ni yule aliyekaa mbele ya vipaza sauti wiki iliyopita, akatabasamu, akatamka kwamba "nauli haijaongezwa hata senti moja". Sihitaji kumtaja jina, kwa sababu hakuna apandaye basi asiyemjua. Maneno yake ndiyo yaliyonishusha leo asubuhi.

Nilipanda basi la kwanza kama nilivyozoea, nikagusisha kadi, nauli ikakatwa. Nilishuka kituo kikuu, na baada ya dakika kumi na mbili nikapanda la pili, nikagusisha kadi ile ile. Mashine ikawaka nyekundu na kutoa mlio ambao naamini uliwaamsha hata waliolala viti vya mwisho. Salio halitoshi. Nikagusisha tena, ikalia tena. Dereva hakuniuliza neno lolote, alinitazama tu kisha akasema, "Shuka, unachelewesha watu." Shuka! Mtu niliyelipa nauli dakika kumi na mbili zilizopita naambiwa shuka kama mwizi, huku basi zima limenigeukia na foleni nyuma yangu inaguna.

Walichofanya ni hiki. Zamani ukilipa mara moja, ungeweza kubadilisha basi ndani ya saa nzima bila kukatwa tena. Sasa kila ukikanyaga ngazi ya basi unalipa upya. Bei iliyoandikwa ubavuni mwa gari ni ile ile, kwa hiyo bwana yule anaweza kusimama popote akaapa kwamba hajaongeza kitu. Lakini mimi niliyekuwa nalipa nauli mbili kwa siku, ya kwenda na ya kurudi, sasa nalipa nne. Kwa siku tano za kazi ni ishirini badala ya kumi. Kama huko si kupanda, basi naomba nielezwe neno la Kiswahili linaloitwa kupanda lina maana gani.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuchagua mimi kupanda mabasi mawili. Njia yetu ilikuwa inakwenda moja kwa moja hadi mjini. Wao wenyewe ndio walioikata katikati, wakasema mabasi madogo yatatuleta kituo kikuu na makubwa yatatuchukua kutoka hapo, na tulipolalamika wakatutuliza kwa ahadi kwamba kubadilisha gari hakutatugharimu chochote. Tukakubali. Njia ikakatwa, na sasa ahadi nayo imekatwa. Anayekaa karibu na katikati ya mji anapanda basi moja na haoni tofauti yoyote, ila sisi tunaokaa pembezoni, ambako kodi ya nyumba ilitusukuma, ndio tunaolipa mara mbili.

Si kwamba kubadilisha basi bila kulipa tena hakuwezekani. São Paulo walianzisha kadi ya aina hiyo mwaka 2004, ambayo abiria hulipa mara moja akapanda mabasi kadhaa ndani ya muda uliowekwa. New York waliondoa malipo ya pili kati ya basi na treni ya chini ya ardhi mwaka 1997. London walianza utaratibu wa saa moja kwenye mabasi mwaka 2016, na mwaka 2018 wakaupanua badala ya kuufuta. Huko kote wameelewa kwamba abiria hanunui basi, ananunua kufika. Mimi leo nimelipia kufika, nikaambiwa shuka.

Dakika kumi na mbili tu. Shuka!

Msimama Mlangoni:
Ndugu mleta mada, pole sana. Mimi nilishushwa juzi, nami nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mlio wa mashine ile sasa nausikia hata usingizini. Yule bwana asipande basi maisha yake yote, maana siku akipanda atakuta tumemwekea kiti mbele ili tumuulize.

Mzee wa Foleni:
Mleta mada, samahani, lakini tangazo lilibandikwa kwenye kila basi mwezi mzima. Mtu mzima anayetegemea usafiri huu kila siku anawezaje kupanda bila kuangalia salio? Dereva ana ratiba, na watu sitini hawawezi kusubiri wewe ugusishe kadi mara nane.

Mleta mada:
Mzee wangu, kwa heshima zote, niligusisha mara mbili, si nane. Na tangazo nililisoma lote. Liliandikwa kwamba "muundo wa nauli utaoanishwa ili kuboresha huduma". Nionyeshe katika maneno hayo mahali palipoandikwa kwamba utalipa mara mbili. Wangeandika hivyo waziwazi ningeongeza salio usiku ule ule, nisingeambiwa shuka mbele ya watu.

Kadi Nyekundu:
Wanaodhani haya ni mambo madogo wakumbuke Santiago, Chile, mwezi Oktoba 2019. Nauli ya treni saa za msongamano iliongezwa peso 30 tu. Wanafunzi wakaanza kuruka mageti, na baada ya siku chache nchi nzima ilikuwa barabarani; ongezeko likafutwa. Brazil nako mwaka 2013 ilikuwa sentavo 20, na miji mikubwa ikalazimika kurudisha nauli ya zamani. Wakubwa hutazama udogo wa sarafu, lakini mwananchi anatazama mara ngapi atatakiwa kuitoa.

Mpanda Treni:
Umesahau Alexandra, Johannesburg, mwaka 1957. Nauli ya basi ilipandishwa kwa peni moja, watu wakagoma kupanda kwa miezi, wakawa wanatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi. Peni moja! Sisi tumeongezewa nauli nzima na kazi yetu ni kuandika humu.

Mzee wa Foleni:
Basi tembea, ndugu yangu. Hakuna aliyekuzuia.

Mpanda Treni:
Nitatembea, Mzee wangu, na nikipita kituoni kwako nitakupungia mkono ukiwa bado kwenye foleni.

Mhesabu:
Naomba niongeze jambo moja la kitaalamu. Wanaopanga usafiri wametumia kwa miongo mingi kanuni ya makadirio kwamba nauli ikipanda kwa asilimia 3, abiria hupungua kwa takriban asilimia 1. Maana yake ni kwamba wengi hawaondoki, na mapato yanaongezeka. Lakini hawaondoki kwa sababu gani? Kwa sababu hawana gari, hawana baiskeli, na kazi haiwasubiri. Mtu asiye na pa kukimbilia ndiye anayebanwa, kisha ripoti itaandikwa kwamba "abiria wameyapokea mabadiliko".

Msimama Mlangoni:
Umesema kweli kabisa. Mimi niko kwenye hesabu ya "waliopokea".

Mwenye Haraka:
Tatizo kubwa kwangu si basi la pili, ni nauli ya saa za msongamano. Nani kawaambia kwamba mfagiaji wa ofisi anachagua saa ya kuingia kazini? Meneja anaweza kuja saa nne akalipa nafuu, ila mfagiaji lazima aingie saa kumi na mbili na alipe ghali. Hilo lingepaswa kuwa na uzi wake.

Mama Abiria:
Nanyi mnasahau kadi ya mwezi. Wanatuambia ni nafuu, nunueni. Nafuu kwa nani? Inataka ulipe yote siku ya kwanza, na siku ya kwanza ya mwezi ndiyo siku ya kodi. Mwenye fedha mkononi anapata punguzo, na asiye nazo analipa bei kamili kila siku. London waliweka kikomo cha malipo ya siku kwenye kadi tangu mwaka 2005, ukifikia kiwango fulani hukatwi tena, hakuna haja ya kulipa mbele. Hicho ndicho tunachokitaka.

Mzee wa Foleni:
Kadi, kadi, kadi. Mimi nataka warudishe malipo ya fedha taslimu. Nina noti mfukoni, dereva anazikataa, mashine ya kuongezea salio imeharibika, na kibanda cha jirani kinataka uongeze kiasi kikubwa kwa mara moja au uondoke. Fedha halali ya nchi inakataliwa ndani ya basi!

Mama Abiria:
Mzee wangu, leo ndiyo mara ya kwanza nimekubaliana nawe.

Mwenye Haraka:
Taslimu ndiyo iliyokuwa inachelewesha safari. Mnakumbuka ule mchezo wa kutafutiana chenji mlangoni? Msiturudishe huko.

Mzee wa Foleni:
Kijana, chenji ilichelewesha dakika moja. Mashine mbovu imenichelewesha asubuhi nzima.

Msimama Mlangoni:
Naomba kuuliza kitu kingine. Nauli ya mtoto inahesabiwa kwa umri au kwa urefu? Leo wamempima mwanangu kwa alama iliyochorwa mlangoni wakasema amepita. Ana miaka minne.

Mama Abiria:
Kwa umri. Ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa, waonyeshe. Wa kwangu alipimwa akiwa amevaa kofia.