Wazazi wanasema nimewarudisha watoto wao chini ya mwembe. Naomba ushauri

MwlKokoto
Habari za majukumu, wanajukwaa. Nafundisha darasa la kwanza shule ya serikali, kijijini, mkoa wa Pwani. Nina watoto 112. Madawati yanatosha kama 70, waliobaki wanakaa sakafuni mbele ya ubao.

Muhula huu nimeanza kuwatoa nje mara tatu kwa wiki kwa Kuhesabu na mara moja kwa Kusoma. Nyuma ya ofisi kuna mwembe wenye kivuli kizuri. Tunahesabu kwa kokoto na visoda (vifuniko vya chupa za soda), tunacheza mdako, nachora silabi mchangani wanaziruka. Mtoto akiruka "ku" mara mbili anapiga kelele "kuku!", akitoka "me" akatua "za" amepata meza. Kuna watano hawakuwahi kufungua mdomo tangu Januari, sasa ndio wanaogombea zamu.

Shida ni wazazi. Kwenye mkutano juzi baba mmoja alisimama: "Sisi tulisomea chini ya mwembe kwa kuwa darasa halikuwepo. Tumefyatua matofali, tumechanga saruji, watoto wamepata darasa, leo mwalimu anawarudisha kule kule." Makofi yakapigwa. Sikuwa na jibu. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, ila ameniambia madaftari yangu yana kazi chache kuliko ya darasa la pili na mthibiti ubora akija atauliza. Niache? Na nikiendelea, nafanyaje?

ChakiNaVumbi
112 na bado una nguvu za kuruka silabi? Mwalimu, wewe ndiye utupe ushauri.

BabuMstaafu
Mwanangu, huyo baba usimbeze. Nilianza kazi 1978, UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote) imepamba moto, watoto wamemiminika na vyumba hakuna. Ubao tuliuegemeza kwenye shina, upepo ukija unaanguka. Kwa watu wa rika lake mwembe maana yake ni kukosa, na hilo huliondoi kwa maneno ya semina.

Waite hapo hapo mwembeni, usiwaite ofisini. Chimba kishimo, weka kokoto kumi, umpe yeye mwenyewe ndimu arushe. Mdako anaujua tangu utotoni, ataona aibu kidogo kisha atacheza. Akizoa saba kabla ya kuidaka ndimu, mwanawe amuulize: "Baba, zimebaki ngapi shimoni?" Halafu unyamaze.

Jambo la pili. Mtoto akifika nyumbani huulizwa "leo mmefanya nini?" naye hujibu "tumecheza." Hapo ndipo unapoharibikiwa. Kabla hawajatawanyika, kila kikundi kiseme kwa sauti walichojifunza: "Kumi ukitoa saba, zinabaki tatu." Hiyo ndiyo watakayokwenda nayo nyumbani.

MamaWawili
Mimi ni mzazi, nitasema ukweli. Ada hatulipi, sawa, lakini sabuni tunanunua. Shati jeupe linatoka asubuhi linarudi rangi ya udongo. Mwalimu anayesifiwa kwa kuchezesha watoto mchangani hafui yeye.

MwlKokoto
Dada, hapo umenipata. Sikuwahi kuliwaza.

KalamuNyekundu
Nitakuwa mkali kidogo. Kwenye upimaji wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) darasa la pili hakuna kokoto, kuna karatasi. Nimepokea watoto wa namna hii: ukimwekea visoda anatoa vizuri, ukimwandikia 10 – 7 anakutazama kama umemwandikia Kichina. Uzuri wa mchezo siupingi. Ninachouliza ni hiki: lini unamvusha kutoka kwenye kitu kwenda kwenye alama?

MamaTicha_Dom
Swali la KalamuNyekundu ndilo lenyewe, na jibu lake linatibu na lile la madaftari. Kosa la wengi wetu ni kutoka nje kwa kipindi kimoja. Dakika 30, watoto 112: kutoka na kurudi tu kumekula kumi. Omba vipindi viwili vya Kuhesabu viunganishwe siku hizo. Dakika 35 nje, zilizobaki ndani na daftari. Wakirudi, kwanza wanachora kilichotokea (kishimo, kokoto tatu ndani, saba nje), kisha chini ya mchoro wanaandika 10 – 7 = 3. Ukifanya hivyo hivyo wiki nzima, ile alama haiwi mgeni tena. Na mchoro ni kazi ya kusahihisha, mwalimu mkuu ataiona.

Kwa idadi hiyo usichezeshe wote mchezo mmoja. Chora duara kwa majivu, kumi kumi au kumi na wawili, kila duara na kiongozi wake. Duara tatu mdako, tatu silabi, mbili rede (kujaza chupa mchanga huku unakwepa mpira), zinazobaki visoda. Kwenye rede waambie wajaze chupa mpaka nusu kwanza, halafu ijae. Hapo umeshaingiza vipimo. Filimbi ikilia, kila mtu anakaa alipo. Zoezi la filimbi tu lilinichukua siku nne, na sikujuta.

Mthibiti_Mstahiki
Nipo kwenye idara ya uthibiti ubora, nasema kwa uzoefu wangu, siyo kwa niaba ya ofisi. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unataka umahiri, mtoto atende. Hakuna atakayekushika kwa kuwa nje. Utakamatwa kama andalio la somo linasema uko darasani na zana ni ubao na chaki. Andika waziwazi: eneo ni chini ya mwembe, zana ni kokoto kumi kwa kila kikundi, mwanafunzi atakuwa ameweza nini. Isipoandikwa, hata mimi nikipita nitadhani mmeshindwa kuwatuliza.

Jirani_Kilifi
Salamu kutoka Kenya. Mtaala wetu wa umilisi ulipoanza 2019, michezo haikuwa kero kubwa kwa wazazi. Kero ilikuwa kutumwa vifaa kila jioni: leta kadibodi, leta gundi, leta rangi. Kwa hivyo usimtume mzazi kitu. Vya kuokota vinatosha, na viokotwe na watoto wenyewe njiani.

Kofia_Pana
Hakuna aliyeuliza hili. Una mtoto mwenye ualbino? Kivuli cha mwembe saa nne sicho cha saa sita, kinahama. Kofia pana, mikono mirefu, na duara lake liwe karibu na shina. Silabi zake zichorwe kubwa, maana wengi wao hawaoni vizuri. Tafadhali usimwache darasani peke yake kwa kisingizio cha kumlinda na jua.

MwlKokoto
Ninaye mmoja. Na nimekuwa nikimwacha ndani na daftari. Asante, nimeumia kusoma hapa lakini asante.

MwlKokoto (baada ya wiki tatu)
Mrejesho. Vipindi vimeunganishwa Jumanne na Alhamisi, nimepunguza kutoka siku nne hadi mbili. Kwa sare, watoto wanavua mashati meupe, wanacheza na fulana au nguo ya nyumbani wanayovaa ndani. Hao 112 wakivaa tena ni vita: vifungo, na mashati yanayofanana. Yule wa kofia sasa ni kiongozi wa duara la silabi, anasoma kwa sauti kuliko wote.

Wazazi walikuja 19. Yule baba alikuja. Ndimu ilimponyoka mara mbili, ya tatu akazoa sita, binti yake akamwambia "nne" kabla hajauliza mtu. Hakusema chochote kuhusu mwembe. Aliomba kuona daftari, akalifunua ukurasa kwa ukurasa, akauliza kwa nini ukurasa mmoja haujasahihishwa. Nimesahihisha.

Sasa vuli inakaribia. Mchanga ukilowa nafanyaje?

MamaTicha_Dom
Visoda na sakafu, silabi kwa chaki. Rede isubiri.

MamaWawili
Na mvua ikinyesha, tafadhali, wabaki ndani kabisa.