Naomba ushauri: nimjibuje mwanafunzi kuhusu tritiamu na maji ya ziwa?

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Kigoma. Juzi nilikuwa naeleza myeyungano wa nyuklia, ule unaolifanya Jua liwake, nikataja ITER, mtambo wa majaribio ya myeyungano unaojengwa kusini mwa Ufaransa. Upande wa ajali nilijieleza vizuri: plazma (gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme) hufika nyuzi joto milioni 150, lakini mafuta yaliyomo ndani, ambayo sehemu yake ni tritiamu, ni gramu chache tu, na hitilafu ikitokea inapoa na kuzimika yenyewe. Si kama mtambo wa nyuklia wa Chernobyl uliolipuka.

Binti mmoja, mama yake anaanika dagaa Katonga, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo tritiamu ikivuja ikaingia ziwani, dagaa wetu je?" Darasa zima likanyamaza, na mimi pia.

Tritiamu ni aina ya haidrojeni yenye mionzi, kwa hiyo huungana na oksijeni ikawa maji kabisa. Chujio la kawaida haliitoi. Mionzi yake haipenyi ngozi, hatari ni kuinywa au kuila. Nusu yake huisha kila miaka 12.3. Kuna na chuma cha kuta za mtambo, kinachopigwa na nyutroni (chembe zinazotoka kwenye myeyungano) hadi chenyewe kinatoa mionzi.

Sitaki kumtisha yule mtoto, wala kumwambia ni nishati isiyo na doa. Mliosomea mionzi au mazingira, nianzie wapi? Nusumaisha, yaani huo muda wa nusu kuisha, nafikiria kuionyesha kwa punje za mahindi zilizopakwa wino upande mmoja: tunazimwaga mezani, zilizolalia wino tunazitoa, tunarudia. Inatosha, au mna njia bora? Kipindi ni Alhamisi.