Naomba ushauri: roboti ya Telegram kazini haioni mazungumzo ya grupu

Kijana_wa_Mapokezi: Asalaam alaykum wana jukwaa. Niko mapokezi kwenye hoteli moja ya mashariki, Unguja. Wafanyakazi wote tumo kwenye grupu la Telegram. Meneja ameniomba nitengeneze roboti, yaani programu inayojibu watu yenyewe humo humo Telegram: mtu akiandika /zamu aambiwe zamu yake, na kila alfajiri kila mtu apate ujumbe wake faragha, gari ya wafanyakazi inatoka Mwanakwerekwe saa ngapi. Nimekwenda kwa BotFather, roboti ya Telegram wenyewe ya kusajilia roboti, nikaandika /newbot, nikapewa tokeni, ule ufunguo wa siri wa kuiendeshea, programu nimeiandika kwa Python. Amri zinajibiwa. Lakini watu wakizungumza kawaida kwenye grupu, haioni kitu. Kuna nini? Jumatatu natakiwa niikabidhi na usingizi sipati.

FundiWaWaya: Wa alaykum salaam. Haijaharibika. Roboti ikiingia kwenye grupu, Telegram huiwekea faragha tangu mwanzo: inapata amri na ujumbe unaoijibu yenyewe, mengine haioni. Wameiweka hivyo makusudi. Sasa nikuulize, kwa kazi ya zamu na gari, mazungumzo ya watu ya nini?

Bi_Jangombe: Zamani karatasi ya zamu ikibandikwa ukutani jikoni, asiyejua kusoma anasomewa na mwenzake, watu wanacheka, kazi inaanza. Siku hizi mnataka hata salamu itoke kwenye simu.

MzeeStoo: Bi umesema kweli. Mimi nilikuwa stoo ya hoteli umeme ulipokatika Desemba 2009, waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ulipokufa, hadi Machi 2010. Unguja nzima kiza. Jenereta inakula dizeli, samaki wananunuliwa wa siku hiyo hiyo kwa sababu hakuna pa kuwagandisha, na zamu tuliandika kwenye daftari. Hakuna aliyepotea njia. Kijana, hiyo roboti yako unaiendeshea wapi, umeme ukikatika?

Kijana_wa_Mapokezi: Shikamoo mzee. Nimekodi seva ndogo, kompyuta inayowaka muda wote, nje ya nchi, umeme wa huku hauihusu. Ila nayo ina lake: nimeipangia saa 11 alfajiri, ujumbe unawafikia watu saa 2 asubuhi, gari imeshafika hoteli.

FundiWaWaya: Seva inahesabu saa za UTC, saa za kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Kwenye programu, mahali pa saa za eneo, weka Africa/Dar_es_Salaam. Na kwenye ujumbe andika "saa 11 alfajiri", usiandike 05:00, utawachanganya watu. Lakini swali langu umelikwepa.

Kijana_wa_Mapokezi: Haya. Meneja anataka kila usiku apelekewe muhtasari: nani kalalamika kuhusu sanduku la bakshishi, nani kasema nini kuhusu ovataimu, kwa majina. Wenzangu wanajua ni ya zamu tu. Kabla hamjanirukia: grupu ni la kazi, si la nyumbani, na anayeandika humo anajua meneja yumo. Mimi ni fundi tu. Na nusu ya malipo nimeshapokea, nimelipia ada ya mtoto.

Mama_Wawili: Mdogo wangu, mimi nasafisha vyumba hoteli nyingine. Kwenye grupu letu ndimo tunamoambizana nani ana mimba inamsumbua abadilishiwe zamu, nani kafiwa, nani mtoto kalazwa. Meneja kuyasoma mwenyewe ni jambo moja. Kukusanyiwa kila usiku, jina na neno, ni jambo jingine kabisa. Mkataba ukiisha mtu haongezewi na hajui kosa lake. Utakaa nao vipi kwenye gari moja?

PapoKwaPapo: Jamani msipoteze muda, uzi huu wa kutunga. Telegram hairuhusu roboti kumwandikia mtu faragha kama hajaianza mwenyewe. Yeye anasema kila mtu anapata ujumbe wake. Hoteli nzima wameianza kwa miujiza gani? Wapishi, walinzi, watu wa bustani? Nani aliwafundisha?

MzeeStoo: Hapo kweli, yakhe. Jibu.

Kijana_wa_Mapokezi: Wallahi sijatunga. Meneja alituita jikoni baada ya chakula cha mchana, kila mtu akaambiwa atoe simu abonyeze kitufe cha kuanza, yeye anapita mmoja mmoja anaangalia kioo. Wapishi waliokuwa wanakanda unga walibonyezewa na wenzao. Mlinzi wa geti simu yake ni ya tochi, akaandikwa pembeni.

PapoKwaPapo: Basi nakuamini, na naona ni vibaya zaidi kuliko nilivyodhani.

FundiWaWaya: Kitufe unachokitafuta si siri, kwa hiyo nakwambia. Kwa BotFather andika /setprivacy, zima hiyo faragha, kisha itoe roboti kwenye grupu uirudishe. Ukiifanya msimamizi wa grupu pia itaona yote. Ila jua hili: mtu akifungua orodha ya wanachama, chini ya jina la roboti Telegram inaandika kama inasoma ujumbe au haisomi. Atakayeona wa kwanza atawaonyesha wote, na aliyeitengeneza wanamjua.

Mama_Wawili: Na meneja atasema hakukutuma. Hiyo nusu mrudishie kidogo kidogo, au mwambie ni ya kazi ya zamu na gari uliyokwishaifanya.

Kijana_wa_Mapokezi: Yeye ndiye anayesaini likizo yangu, dada. Lakini hilo la orodha nitamwonyesha kwenye simu yake mwenyewe. Jumatatu nakabidhi zamu na gari, faragha naiacha ilivyo. Akitaka habari za bakshishi nitamwekea amri ya /maoni, mtu aandike kwa hiari yake, bila jina.

FundiWaWaya: Hapo tunaelewana. Amri hiyo ifanye kazi faragha tu, si ndani ya grupu. Na Telegram huleta namba ya akaunti ya mwandishi na kila ujumbe, kwa hiyo hifadhi maneno peke yake na namba usiiandike popote kwenye seva, hata kwenye faili la makosa. Meneja akiomba ajue nani kasema, uwe huna cha kumpa.