Re: Kitabu cha historia kinasema mababu zetu walidanganywa na mganga. Nikitupe?

Kutoka: Mama Wawili

Ndugu zangu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Mnajua wanangu nawafundisha nyumbani tangu mwaka juzi. Hesabu na sayansi zinakwenda, kilichonikwamisha ni historia. Mtaala tulionunua huku ulikuja na kitabu kinene, picha safi, lugha nyepesi, nami nilikipenda mpaka tulipofika Vita vya Maji Maji. Vita vyote vimepewa aya moja! Inaeleza kwamba mwaka 1905 wenyeji walidanganywa na mganga kuwa maji yatazuia risasi, wakaasi; Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa kikatili; vijiji vikachomwa, njaa ikazuka; kisha mwaka 1907 amani ikarejea. Basi, ukurasa unaofuata ni habari za reli.

Binti yangu, miaka 12, akaniuliza, "Mama, kwani babu zetu walikuwa wajinga?" Nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Baba yao anasema kitupwe, tutafute kilichoandikwa na Mwafrika. Ninyi wenzangu mnafanyaje?

---

Kutoka: Baba Pacha

Dada, tupa. Tumekuja huku watoto wasome, si watukanwe sebuleni kwetu.

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu

Marahaba wanangu.

Mama Wawili, usikitupe. Mpe binti penseli, mrudi kwenye aya ileile. Kila anapokuta kitenzi cha kutendwa, aandike pembeni: na nani? Waliuawa kikatili, na nani? Hapo kitabu kina jibu, na wenyeji. Vijiji vilichomwa, na nani? Kimya. Njaa "ikazuka", hapo hata kutendwa hakuna tena, njaa imejizukia kama mafua. Ukweli ni kwamba majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi, ili njaa iwalazimishe watu kusalimu amri. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Watafiti wa baadaye wamefikisha 250,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa. Wazungu waliouawa walikuwa 15. Sasa binti apime mwenyewe neno "kikatili" limewekwa upande gani wa aya.

Halafu aangalie majina. Askofu anatajwa kwa jina, mganga ni "mganga" tu. Anaitwa Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Vikaendelea bila yeye kwa karibu miaka miwili. Kama yote yalikuwa udanganyifu wa mtu mmoja, kwa nini havikuisha alipokufa?

Kuhusu uganga wenyewe, msiruke haraka kukana. Maji yalikuwepo na watu waliyaamini. Ukimfichia mtoto hilo, utakuwa umefanya yaleyale ya mwandishi wako. Muulize tu: maelezo haya yanamfaa nani? Gavana wa Kijerumani Götzen, aliyeongoza kuvizima vita vile, ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuviandikia kitabu, kilichotoka mwaka 1909. Chanzo kikiwa mganga, hakuna haja ya mtu kuuliza habari za kodi, za viboko, wala za pamba ambayo watu walilazimishwa kuilima huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Vurugu zilipoanza Umatumbi, Julai 1905, watu waling'oa miche ya pamba. Watu hao walijua vizuri wanachokasirikia.

Na hicho kitabu cha Mwafrika anachokitaka baba yao, kinunueni, ila penseli ileile ikipitie. Nimefundisha kwa vitabu vyetu vya miaka ya 60 na 70, navijua. Utakuta Watanganyika wote walisimama kama mtu mmoja. Tanganyika ipi? Nchi kuitwa hivyo kumekuja na Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mapigano yalikuwa kusini na kusini-mashariki, na Wahehe, waliokwishapigana na Wajerumani chini ya Mkwawa miaka ya 1890, safari hii kwa jumla hawakujiunga na waasi. Waandishi wetu walikuwa na taifa changa mkononi, wakalitafutia babu mmoja. Nawaelewa, nami nilikuwa mmoja wa waliolikariri hilo darasani kwa sauti. Lakini kumwelewa mtu si kumpa alama zote.

---

Kutoka: Baba Pacha

Mwalimu, nakuheshimu, lakini wangu wana miaka saba. Nao niwafanye mahakimu?

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu

Hapana. Wa miaka saba waulize tu kwenye picha: nani amesimama, nani amekaa, nani ameandikiwa jina chini yake. Inatosha mpaka wafike kumi.

---

Kutoka: Shangazi wa Maktaba

Naongeza moja, maana Mwalimu kamaliza karibu yote. Kabla ya kusoma, fungueni ukurasa wa mwanzo mtazame mwaka wa kuchapishwa. Mimi ni Mkenya, kwa hiyo mfano wangu ni Mau Mau, vita vya Wakenya dhidi ya utawala wa Waingereza miaka ya 1950. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeweka maelfu ya mafaili ya makoloni yake kule Hanslope Park, Uingereza, mbali na macho ya watafiti. Mwaka 2013 ikatamka bungeni kwamba inasikitishwa na mateso yaliyofanyika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228. Kitabu cha 1985 hakingeweza kuyajua hayo hata mwandishi wake angekuwa malaika. Kwa hiyo mtoto atenganishe: huyu hakujua, au alijua akanyamaza? Na akishajua idadi ya walowezi raia waliouawa, ambao ni 32, atafute pia waliopelekwa kunyongwa, zaidi ya 1,000, kisha ahesabu kila kundi limepewa mistari mingapi. Wangu alitumia rula. Sikumwambia.

---

Kutoka: Mama Wawili

Ahsanteni sana. Mrejesho.

Tulikaa Jumamosi asubuhi. Binti aliandika "na nani?" mara tisa kwenye kurasa mbili, ya mwisho kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaenda kutafuta jibu la wachomaji, akarudi ameduwaa: "Mama, wengi walikuwa askari Waafrika." Sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejipanga kwa Wajerumani tu, na nusura nimwambie hilo tuliache. Nikakumbuka aliyosema Mwalimu kuhusu kuficha.

Tukazungumza muda mrefu, nani alitoa amri, nani alilipwa, nani alitolewa nchi nyingine kama wale askari wa Kisudani, nani alijiunga kwa visa vyake na jirani. Mwishowe akafuta "vijiji vilichomwa" akaandika juu yake: "Vijiji vilichomwa na askari, wengi wao Waafrika, kwa amri ya maofisa wa Kijerumani." Sentensi imekuwa ndefu zaidi ya mara nne na haimpendezi mtu yeyote hapa nyumbani, hata baba yao.

Kitabu kipo, kimejaa penseli. Sasa mdogo wake ameuliza hao askari waliitwa nani, na kwa nini nao hawana majina. Mwenye kujua orodha zao zinapopatikana, zikiwa katika lugha tunayoisoma, tafadhali aniandikie.